Jino la Mwepesi

Jino lilianza kumuuma Mwepesi wiki ileile aliyoahidiwa kiti, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia lilisubiri makusudi.

Kiti chenyewe kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, katika saluni ya kunyolea ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Ngozi yake ilikuwa imepasuka upande mmoja, na pedali ya kukipandisha ilikuwa na ukaidi mpaka uikanyage mara mbili. Lakini kilikuwa kiti, na anayesimama nyuma ya kiti ni fundi, si mfagiaji. Mwepesi alikuwa mfagiaji kwa miezi mingi. Alizoa nywele, alifua taulo, alisafisha mashine kwa spiriti, na alipoona fundi wa kiti cha pili anamharibia mteja ndevu, aliuma meno akanyamaza, ingawa vidole vilimuwasha. Kabla ya kuanza kuvuta unga, yaani heroini, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa pale. Jina la Mwepesi alipewa na wateja kwa ajili ya mkono wake, maana wembe ulikuwa ukipita shingoni mwako nawe hujui kama umeguswa. Baadaye unga ulipomkolea, watani wakasema ni kweli mkono ule ni mwepesi, hata mifukoni mwa watu hausikiki.

Sasa alikuwa ametulia. Kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa dozi yake ya methadoni, ile dawa ya kioevu inayomshika mtu asiutamani unga, kisha akaenda kazini, kisha akarudi nyumbani kwa dada yake alikokuwa akilala chumba cha nyuma. Shemeji, ambaye ni mtu wa tahadhari, alimtazama muda mrefu mpaka siku moja akajikuta amesema: "Jumatatu ijayo, Mungu akipenda, utashika mashine."

Na jino nalo likasikia.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Miaka yote ya unga lilikuwa likioza kimyakimya, kwa sababu unga hauruhusu kitu kingine chochote kuuma, si jino, si njaa, si aibu. Alipouacha, vyote vilirudi kimoja kimoja, na jino likaja mwisho na kishindo chake.

Mtu mwingine angesema "jino linaniuma" na akapewa pole. Mwepesi hakuwa na bahati hiyo. Zamani zile jino ndilo lililokuwa mtaji wake. Akitaka hela za dada, jino. Akitaka vidonge vikali duka la dawa, jino. Akikosa kazini siku mbili, jino. Ukifuata hesabu za dada yake, mtu huyu alipaswa kuwa kibogoyo kitambo sana.

"Dada, jino linaniuma," alisema siku ya Jumanne, akiwa amesimama mlangoni.

Dada yake alikuwa dobi, na wakati huo alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Hakuinua hata macho.

"Lipi tena hilo? Mbona yote ulishayamaliza?"

"Safari hii kweli."

"Safari zote zilikuwa kweli, mdogo wangu."

"Basi nipe hela yangu nikang'oe."

Hapo ndipo pasi iliposimama. Mshahara wa Mwepesi ulikuwa unakaa kwa dada yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo, kwa busara, siku alipokuwa na busara. "Uliniambia nini siku ile?" dada akauliza. "Uliniambia, dada, hata nikilia, hata nikigaragara, usinipe. Sasa unataka nikusikilize wewe yupi, wa siku ile au wa leo?"

Na dada naye usimwone katili. Aliwahi kumtoa mikononi mwa polisi, akamrudishia majirani redio zao, akakaa naye siku za arosto, wakati mwili unaudai unga na mtu anatapika hata maji. Alimpeleka kliniki mara ya kwanza akateleza, ya pili akateleza, na hii ya sasa alimpeleka huku akisema moyoni kuwa ni ya mwisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini kumwelewa dada hakupunguzi maumivu ya gego, na Mwepesi aliondoka pale amevimba kwa hasira kabla hata shavu halijavimba.

Akaenda duka la dawa. Hakutaka makubwa, vidonge vya kawaida tu, vile vya kichwa, na alikuwa na chenji ya nauli mfukoni. Mama muuzaji alimwona toka mbali.

"Wewe na jino lako! Hebu pisha wagonjwa."

"Mama, mimi nataka vile vya kawaida—"

"Pisha nimesema!"

Akapisha. Siku hiyo na iliyofuata aliishi kwa maji ya chumvi, akilalia upande mmoja, akifagia nywele na machozi yanamlengalenga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu walimwona, wakadhani anachokihesabu ni siku za kurudi kwenye unga.

Alhamisi aliamka shavu limejaa. Akaenda kliniki hivyohivyo.

Pale dirishani panapotolewa dozi kuna utaratibu ambao kila mwenye kadi anaufahamu. Unapewa kikombe, unameza mbele ya muuguzi, unakunywa maji juu yake, halafu unasema kitu, chochote, bora sauti itoke. Wapo waliokuwa wanaificha dawa shavuni, wakifika nje wanaitema chupani na kumuuzia mwenye shida. Mwenye dawa mdomoni hawezi kukuaga vizuri. Mwepesi kila siku alikuwa akisema "siku njema, sista," na muuguzi, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, akimjibu "nawe pia, baba," mambo yakaisha.

Siku hiyo alimeza, akanywa maji, akasema maneno yake, lakini ulimi ulikuwa mzito na sauti ikatokea puani.

Muuguzi akavaa miwani. "Meza."

"Nimeshameza, sista."

"Na hilo la shavuni?"

"Ni jino."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hawa wote walikuwa na meno ya namna hiyo nyumbani. "Jino la maji hilo!" mmoja akapiga kelele.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, sukutua na haya mengine, umeze nikiona."

Yale mengine yalikuwa maji ya baridi. Yalipoligusa gego, Mwepesi aliruka, na yote yaliyokuwa kinywani yakamwagika juu ya meza ya dirisha, mbele ya muuguzi, mbele ya mlinzi, mbele ya watu wote. Sasa hebu jiweke mahali pa muuguzi. Mtu ana shavu, anabishana, halafu anatema. Mlinzi akamshika mkono. Na Mwepesi, badala ya kueleza polepole, akamporomoshea yule mama tusi ambalo sitalirudia hapa, akavutwa mpaka nje ya geti.

Alipofika kazini habari zilikuwa zimemtangulia. Kliniki ilimpigia simu dada, dada akampigia mumewe. Shemeji alikuwa anamnyoa mteja. Alizima mashine, akamvuta Mwepesi kando, na akaongea kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali.

"Shemeji, habari ya kiti tuiache kwanza. Sikukatalii. Lakini wembe ni wembe, na shingo ni za watu."

"Shavu langu na wembe wapi na wapi?"

"Kliniki wanasema umetema dawa. Hata dada yako anasema tangu Jumanne ulianza habari za jino."

"Sasa nikiumwa jino nisemeje? Niseme goti? Kuna yeyote kati yenu aliyenitazama mdomoni? Hata mmoja?"

Mteja kitini alijifanya anasoma bei ukutani. Mwepesi akautupa ufagio, ukagonga kile kiti cha tatu, akatoka.

Hasira ya mtu aliyesingiziwa ina utamu wake, na hapo ndipo penye hatari. Alitembea huku akijisemea kwamba kama hukumu imeshatoka, basi na kosa alifanye, asifungwe bure. Mshauri wa kliniki alishawafundisha la kufanya tamaa ikija: piga simu, kunywa maji, subiri kidogo, itapita. Mwepesi aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Simu ilikuwa mfukoni na namba ya mshauri imo. Hakuipiga. Angemwambia nini? Kwamba anaumwa jino?

Nyuma ya gereji ya matairi palikuwa na kijiwe cha wavuta unga alichokuwa ameapa kuwa hatakikanyaga tena. Mwenye kijiwe walimwita Daktari, kwa sababu hakuwahi kumrudisha mgonjwa. Alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, na alipomwona Mwepesi alisimama kwa heshima.

"Ndugu yangu! Una nini shavuni?"

"Jino."

"Hebu nione."

Akawasha tochi ya simu, akamshika kidevu taratibu, akachungulia. Akachungulia vizuri, hata akageuza kichwa chake ili aone nyuma. "Lo! Limeoza hilo, tena lina usaha. Unatembeaje nalo? Pole. Pole sana, ndugu yangu."

Mwepesi alitaka kulia. Tangu Jumanne alikuwa akizunguka na mdomo wake kama mtu anayetembeza bidhaa isiyo na mnunuzi, na wa kwanza kumtazama, wa kwanza kumpa pole, akawa huyu. Huyu! Ukitaka kujua dunia ilivyo na vituko, ni hapo.

"Leo sikuuzii," Daktari alisema. "Leo nakutibu."

Mwepesi akavuta ule unga.

Wala haikuwa raha. Methadoni ilikuwa imeshakaa mwilini, na unga ulipita juujuu tu. Alichopata ni kwamba jino lilinyamaza. Alikaa kwenye lile tairi katikati ya watu waliosinzia, hana maumivu, anajichukia. Alipoona wenzake wanaanza kumzoea tena, aliinuka akaondoka.

Jioni dada alimwekea chai. Akamtazama anavyokunywa, ya moto, bila kukunja uso.

"Naona jino limepona."

"Limepoa."

"Nilijua." Dada alitikisa kichwa, na hakikuwa kichwa cha mtu mkali, kilikuwa cha mtu aliyechoka. "Nilimwambia shemeji yako. Huyu akinyimwa hela, jino linapona lenyewe."

Mwepesi aliitazama chai yake. Siku aliyosema kweli aliitwa mwongo, na sasa alipokosa kweli anahesabiwa amepona. Alitamani kuvunja kikombe. Akakiosha, akakirudisha mahali pake, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi jino liliamka kabla yake, na safari hii lilikuja na sikio na nusu ya kichwa. Watu wanaofanya kazi na mateja, yaani watumiaji wa unga, watakwambia kwamba wengi hawapotei siku ya kuteleza. Wanapotea siku ya pili, mtu anapoona aibu kurudi dirishani, akisema ngoja nirudi kesho, na kesho ikawa mwaka. Mwepesi naye angepotea hivyohivyo. Msimpe sifa za ushujaa, hakuwa nao. Alirudi kliniki kwa sababu alikuwa na maumivu na hakutaka kuonewa huruma na Daktari kwa mara ya pili.

Alipofika dirishani, muuguzi alikuwa ameshika kikombe na uso ameukunja. Tusi la jana lilikuwa bado limekaa kati yao.

"Sista, kabla hujanipa," Mwepesi alisema kwa sauti ya chini. "Jana nilivuta."

Muuguzi aliweka kikombe chini. Akamwita mwenzake ashike dirisha, akamfungulia Mwepesi mlango wa pembeni, akamkalisha kwenye benchi. Akamuuliza ilikuwa saa ngapi na kiasi gani, akamtazama macho, akampima mapigo ya moyo. Hakumgombeza. Na kule kutogombezwa ndiko kulikomfungua Mwepesi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sasa ugomvi wote ulikuwa mikononi mwake hana pa kuuweka.

"Miezi yote hii unautazama mdomo wangu kila nikimeza!" alisema. "Kila siku, sista! Jino hili hujaliona?"

Muuguzi akachukua tochi, akasema, "Fungua." Akatazama kwa muda.

"Mungu wangu," alisema. Akavua miwani ikaning'inia kifuani. "Mimi nilikuwa natafuta dawa, baba. Sikuwa natafuta jino."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Nisamehe."

"Na wewe nisamehe lile tusi."

"Tusi nimelisikia tangu sijazaliwa. Simama twende."

Alipohakikisha hasinzii alimpa dozi yake, akamfikisha mwenyewe chumba cha meno, upande wa pili wa jengo hilohilo. Njiani alimwambia kwamba Jumatatu atakaa na mshauri wazungumze habari ya jana, kwamba kuteleza hakufuti kadi ya mtu, na kwamba atampigia dada kumweleza habari za jino.

"Na lile jingine?" Mwepesi aliuliza.

"Lile ni lako. Ukitaka litoke, litoke kwako."

Gego lilitoka vipande viwili, kwa jasho la mganga na la mgonjwa pia. Akajazwa pamba, akapewa vidonge vya kawaida, vilevile alivyofukuziwa Jumanne, akaambiwa asiseme sana mpaka damu ikauke.

Dada alikuwa anamngoja mlangoni, na pasi ameizima katikati ya kazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sista amenieleza. Anasema lilikuwa limefikia mfupa. Na mimi nakwambia umeshayamaliza!" Akaanza kulia, akajifuta kwa shati la mteja, akalitupa pembeni. "Nimeshampigia shemeji yako. Nimemwambia tumemwonea mtoto wa watu. Kiti ni chako, Jumatatu kama ilivyokuwa. Amesema atakuja kukupa mkono mwenyewe."

Mwepesi alisimama na pamba yake mdomoni. Kila alichokitaka tangu Jumanne kilikuwa kimewekwa mbele yake kama chakula. Ameaminiwa. Ameombwa radhi. Kiti kimerudi. Sista hatasema, Daktari hana mazoea ya kutoa habari za wagonjwa wake, na yeye hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, tena kunyamaza kwenyewe ameamriwa na mganga.

Akaitoa pamba.

"Dada, jana nilivuta."

Dada hakuelewa kwanza. "Ulivuta nini?"

"Unga. Nilipotoka kwa shemeji. Ndiyo maana jioni jino halikuuma."

Mikono ya dada ikamwachia. Alirudi nyuma mpaka akakalia kapu la nguo. Kisha akapandisha sauti, na jirani wa ukuta wa pili akasikia kila kitu.

"Kwa nini umeniambia? Nilikuwa nimeshakuamini! Nimelia hapa kama mjinga, nimekuombea kiti, nimekuamini! Ungeshindwa nini kuniacha niamini hata siku moja?"

"Ungeamini uongo, dada."

"Miaka yote nimekula uongo wako! Wa siku moja ungenidhuru nini?"

"Jino limeshatoka," Mwepesi alisema. Damu ilikuwa inamchirizika pembeni ya mdomo. "Sina tena cha kusingizia."

Shemeji akaingia hapohapo, na uso wa sherehe, mkono ameunyoosha toka mlangoni. "Haya, fundi wangu, Jumatatu!" Akawaona walivyokaa, mkono ukabaki hewani. Ikabidi Mwepesi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa alijua inavyouma.

Shemeji alikaa. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Nimechoka," alisema, na alimaanisha. "Juzi nasema ndiyo, jana hapana, leo asubuhi ndiyo, sasa hapana. Nina fundi mwingine ananisumbua kila wiki anataka kiti kile. Sasa mnataka nifanye nini?"

"Mpe yeye," Mwepesi alisema. "Mimi nitaendelea na taulo."

"Hapana," alisema dada.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa bado amekasirika. Hakumtazama ndugu yake hata kidogo. Alimtazama mumewe.

"Mara zote alizoanguka, mimi niliambiwa na nani? Niliambiwa na majirani. Niliambiwa na polisi. Niliambiwa na mkoba wangu nilipoufungua. Leo nimeambiwa na yeye." Akavuta pumzi. "Jumatatu asishike mashine. Lakini kiti asipewe mtu."

"Kibaki kitupu mpaka lini, mke wangu?"

"Mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Akisema, mimi nitamwamini."

Shemeji aliguna, maana kiti kitupu hakilipi kodi ya chumba. Akakuna kichwa, akatazama dari, akasema haya, na kibaki, kisha akamwambia Mwepesi arudishe pamba yake mdomoni, kwani anawachafulia nguo za watu kwa damu.